KABLA YA CALIFORNIA, MAABARA YA KATA

Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha mpango uitwao TechWomen. Wanawake wanasayansi, wahandisi na wataalamu wa kompyuta walialikwa California kwa wiki tano hivi, wakafanye kazi ndani ya makampuni ya Silicon Valley, kila mmoja akiwa na mwanamke mwenyeji wa fani yake wa kumshika mkono. Walianza wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa kusini mwa Sahara, majirani zetu Kenya na Rwanda wakaingia. Mwaka uliofuata wenyeji hao nao wakafunga safari hadi Rwanda.

Hatuna kinyongo na mpango wa namna hiyo. Msichana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mitambo ni kazi ya wanaume, akimwona mama mtu mzima anaongoza mafundi, amepata somo ambalo halimo katika kitabu chochote. Tungependa mabinti wa Tanzania nao waende, tena wengi.

Lakini nani ataitwa? Ataitwa aliyekwisha kuwa mhandisi. Na mhandisi haoti kama uyoga.

Kwa miaka mingi shule zetu zisizo na maabara zilifanyia mtihani wa vitendo kwenye karatasi. Mwanafunzi alieleza rangi ya kemikali ambayo hajaiona, akapima kwa kalamu kitu ambacho hakijawahi kuwekwa mezani. Mwaka 2012 Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Agizo lilikuwa jema. Aliyelibeba ni mlalahoi. Mgambo na watendaji walipita nyumba hadi nyumba kudai michango, tarehe ya mwisho ikawekwa Novemba 2014, ikasogezwa hadi Juni 2015. Kuna kata zilizopata maabara kweli, tusiseme uongo. Kuna nyingine zilizobaki na maboma, na mbuzi ndio wanafunzi wa humo.

Mwaka 2017 Rais Magufuli akatamka kwamba msichana aliyepata mimba asirudi shule ya serikali. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2021. Hesabu mwenyewe, msomaji: zaidi ya miaka minne. Wangapi kati yao wangekuwa leo chuo kikuu wakisomea umeme au ujenzi? Marufuku hiyo ilimlenga msichana peke yake.

Kwa hiyo kigogo atakaposimama jukwaani kujisifu kwamba mabinti wetu wanaitwa Ulaya na Marekani, mpigieni makofi, kisha mrudisheni kwenye kata yake. Safari inalipiwa na mgeni. Mwalimu wa fizikia analipwa kwa kodi yako, na hilo ndilo analopaswa kulijibu.

Katika mkutano ujao wa kijiji au mtaa, nyoosha mkono. Muulize diwani maabara tulizochangia zina kemikali, maji na umeme? Wasichana wangapi wamebaki kwenye fizikia baada ya kidato cha pili? Waliorudi baada ya kujifungua ni wangapi, na nani anawapokea? Akikuambia hayo si ya mkutano huo, mwombe ataje tarehe ya mkutano wake, mwenyekiti aiandike kwenye muhtasari.