Punguzo la Kodi Si Pesa Mkononi

Una ndugu Marekani anayetaka kuweka chaja ya gari la umeme nyumbani? Mwambie asome masharti kwanza. Serikali ya huko inakata kwenye kodi 30% ya gharama, isizidi dola 1,000, kwa chaja zilizoanza kazi kufikia Juni 30, 2026. Inasikika poa. Lakini lazima umlipe fundi mwenyewe, usubiri msimu wa kodi, na nyumba iwe kwenye eneo la kipato cha chini au nje ya mji. Kama hudaiwi kodi, hupati kitu.

Kwa maoni yetu, nafuu ya namna hii inamfaa zaidi aliye nazo tayari. Afadhali inayoonekana siku unapolipa, kama bei maalum ya kuchaji magari iliyoanza Kenya 2023, ambapo umeme wa usiku ni nusu ya bei ya mchana.

Kwa hivyo panga bajeti kwa bei kamili, na utunze risiti. Na ukipata meseji inayosema, “Tuma ada kidogo tukurudishie kodi,” usitume hata bob.