«Ni ordre ya juu»: huko juu ni wapi?



Kuna sentensi moja inayotawala inchi hii kuliko sheria yoyote. Polisi anayepiga fimbo vijana ishirini waliokaa chini barabarani anaisema. Chefu wa kata anayelipisha jetoni ya karatasi isiyo na mhuri anaisema. Karani anayekataa kupokea barua yetu anaisema, tena kwa upole: «Petit, hii haitoki kwangu. Ni ordre ya juu.» Panda ngazi hiyo uone. Kila mtu anakuonyesha kidole kwa anayemfuata, mpaka unafika paa na hakuna mtu. Kumbe tunateswa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeamua kitu!

Wengi wetu tuliopita auditoire tulifundishwa jaribio la Stanley Milgram, mara nyingi katika syllabus ambayo ilikuwa lazima kuinunua ili jina lako lionekane kwenye listi. (Hapo somo la utii lilianza kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.) Mwaka 1961, kwenye chuo kikuu cha Yale, Marekani, Milgram aliita wanaume wa kawaida, akawaambia wanasaidia utafiti juu ya kumbukumbu. Kazi yao ilikuwa kumpiga mtu shoti ya umeme kila anapokosea jibu, na kupandisha kidogo kidogo hadi volti 450. Aliyepigwa alikuwa anaigiza, umeme haukumfikia, lakini wao hawakuambiwa. Pembeni mwanaume mwenye koti la maabara alikuwa anasema: endelea. Kati ya 40, watu 26 walifika mwisho. Walitoka jasho, walitetemeka, wengine walicheka kicheko cha woga, na mkono ukaendelea kubonyeza. Mwaka uleule Jerusalem ilikuwa inamhukumu Adolf Eichmann, ambaye alijitetea kwamba yeye alitii tu.

Wakubwa wanapenda habari iishie hapo. «Mmeona? Binadamu ni kondoo. Na Mcongomani ndiyo kabisa, juu ya Mobutu alimzoeza.»

Hiyo ni nusu ya habari, ile nusu inayowafaidi. Milgram alirudia jaribio lake kwa namna nyingi. Mkubwa alipotoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka, karibu 1 kati ya 5. Wakubwa wawili walipobishana mbele ya mtu, hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Na pale ambapo wenzake wawili waliokaa naye kwenye kazi ileile walisimama wakakataa, ni 4 tu kati ya 40 walioendelea hadi volti 450. Mashine ni ileile, koti ni lilelile. Kilichobadilika ni watu wawili waliosema hapana akiwaona. Solomon Asch alikuwa ameshaona jambo la karibu na hilo miaka ya 1950: mtu aliyezungukwa na kundi linalodanganya kuhusu urefu wa mstari anafuata kundi mara nyingi, lakini akipata mwenzake mmoja tu anayesema kweli, anapata sauti yake.

Kuhusu Mobutu, hesabu pia haikubali. Tangu 1974 katiba yenyewe ilimfanya kila Mzaire kuwa mwanachama wa MPR toka tumboni. Watu walicheza animation wakitaka wasitake. Ni watu haohao, waliozoezwa vilevile, walioingia barabarani Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 kudai Konferensi ya Taifa ifunguliwe tena, na wakapigwa risasi.

Tunajua mtatujibu nini: Yale hapakuwa na bunduki wala cachot. Kweli kabisa. Wale walilipwa dola 4 na nusu, na wangeweza kusimama na kwenda nazo nyumbani. Hapa ukikataa unaweza kulala kwenye simenti, na askari akikataa anaweza kupoteza mshahara ambao tayari haufiki. Hatufanyi mchezo na hofu hiyo. Lakini nani alimshikia bunduki karani aliyeficha barua kwenye droo? Na motari anayeweka franka 500 ndani ya karatasi zake kabla polisi wa roulage hajafungua mdomo, hatumlaumu, anajua atapoteza asubuhi nzima. Tunauliza tu kwa nini motari kumi waliosimamishwa fasi moja wanalipa mmoja mmoja.

Kuna watafiti waliorudia mafaili ya Yale, na wanasema wengi wa wale watu hawakuendelea juu ya kuogopa. Waliamini wanasaidia sayansi. Hapa kwetu badala ya sayansi wanaambiwa «usalama», «ordre public», «amani». Maneno mazuri yanapiga watu vibaya sana.

Sasa kwako afande, kwako karani. Kifungu cha 28 cha katiba ya 2006 ni chako kabla ya kuwa chetu: hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri iliyo wazi kinyume cha sheria, na mtumishi wa serikali anafunguliwa na wajibu wa kutii pale amri inapovunja waziwazi haki za binadamu. Kifungu cha 26 kinatudai tutoe habari kwa maandishi kabla ya kuandamana. Kutoa habari, si kuomba ruhusa.

Lakini kifungu cha 28 kina mkia wake, na wengi wanauruka: anayekataa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba amri ilikuwa haramu. Mtu mmoja peke yake, bila karatasi, bila shahidi, ataonyesha nini? Ndiyo maana barua yetu inayofuata itapelekwa na watu watatu. Na atakayekataa kuipokea tutamwomba kitu kidogo tu: hiyo ordre ya juu aiandike, aweke jina lake na sahihi.