Barua ya Wazi kwa Wizara ya Maliasili na Utalii: Magofu Yaliyomo Hifadhini Saadani

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Kamishna wa Uhifadhi wa TANAPA na Mkurugenzi wa Malikale

Kutoka Lugoba, Mkoa wa Pwani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa mwaka 2005 kwa kuunganisha pori la akiba la Saadani, iliyokuwa ranchi ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,100, kati ya mikoa ya Pwani na Tanga. Msafiri atokaye Lugoba hufuata barabara kuu ya Segera hadi Mandera, akakata kulia kupitia Miono mpaka baharini. Wageni wengi huja kuona tembo na twiga mahali ambapo nyika inakutana na Bahari ya Hindi, na kasa wanaotaga ufukweni Madete. Wachache wanajua kwamba ardhi hiyo ilikuwa nchi ya miji kabla haijawa nchi ya wanyama.

Utondwe, karibu na mlango wa mto Wami, ulikuwa mji wenye watawala wake. Historia ya Unguja inamtaja Malkia Fatuma wa mwishoni mwa karne ya 17, ambaye mumewe alikuwa mfalme wa Utondwe. Saadani yenyewe ilikua katika karne ya 19 kuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Uzigua na bara ya mbali. Pembe za ndovu na sandarusi zilishuka hapo, na watu waliotekwa wakavushwa kwenda Unguja. Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Saadani, hakumtii Sultani wa Unguja kikamilifu, wala hakuwapigia magoti Wajerumani walipokuja. Juni 1889 mji wake ulipigwa mizinga na kuchomwa. Yeye akarudi nyuma hadi Mlembule, akajijengea boma la miti, akaendelea kupigana, na hakuweka silaha chini hadi Aprili 1890. Wajerumani nao wakaacha boma la mawe kijijini Saadani.

Katika historia hiyo kuna jambo linalosahaulika upesi. Boma la Wajerumani linaonekana kwa sababu lilijengwa kwa mawe na chokaa. Ngome ya Mlembule, iliyoshikiliwa na wenyeji wenyewe, ilikuwa ya magogo. Kilichoweza kubaki ni mashimo ya nguzo, vipande vya vyungu na risasi zilizolala udongoni. Utunzaji unaohesabu kuta peke yake utamhifadhi aliyeshinda na kumfuta aliyepigania kwake. Hata mazizi ya ng'ombe ya ranchi ya Mkwaja, iliyofungwa mwaka 2000, yameacha alama: udongo wake umebaki na rutuba kuliko wa pembeni, na majani yake huvuta wanyama. Mkono wa binadamu umo ndani ya kile kinachoitwa pori.

Ulinzi wa urithi huu uko chini ya sheria mbili. Sheria ya Hifadhi za Taifa inamlinda mnyama, mti na mandhari. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inalinda masalia na majengo ya kale, inakataza kuchimba bila kibali, na inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mahali kuwa urithi unaolindwa. Sheria zote mbili ziko chini ya wizara moja. Hata hivyo askari wa uhifadhi hufundishwa kufuata nyayo za jangili, hafundishwi kusoma ufa wa ukuta. Mtaalamu wa malikale naye, aliye mbali na hifadhi, hawezi kujua kuta zimefanywa nini na masika yaliyopita.

Gofu la pwani hufa kwa njia zinazojulikana. Ukuta wa mawe ya matumbawe hushikwa na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Paa likianguka, mvua huingia kutoka juu ya ukuta na kuosha chokaa ndani kwa ndani. Ndege hudondosha mbegu ya mtini katika ufa. Mche unakua, mizizi inanenepa, mawe yanaachana. Anayeung'oa mti huo kwa nguvu huondoka na nusu ya ukuta. Dawa ni kukata shina, kuua kisiki na kuacha mizizi ioze yenyewe, kisha kuziba nafasi yake kwa chokaa. Moto wa nyika hupasua mawe, kwa hiyo gofu linahitaji ukanda uliofyekwa kabla majani hayajachomwa kila mwaka. Tembo akijikuna kwenye nguzo iliyolegea, nguzo huanguka.

Kosa baya zaidi hutokana na nia njema: kuziba nyufa kwa saruji. Chokaa hupumua, maji yakaingia na kutoka. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi hiyo ikikauka huganda kuwa chembe ngumu zinazolimeng'enya jiwe mpaka linakuwa unga. Ukuta uliokarabatiwa hivyo hupendeza kwa miaka michache tu. Kuna pia wachimbaji wa usiku wanaotafuta rupia na dhahabu zinazodaiwa kufukiwa na Wajerumani. Wanachoharibu ni mpangilio wa tabaka za udongo, ambao ndio unaomwambia mtafiti kipi kilitangulia kipi, na mpangilio huo haurudishiki.

Tanzania inao uzoefu wake katika kazi hii. Nyayo za Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, ziligunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, kisha zikafukiwa ili zisiharibike. Udongo wa kufukia ulikuja na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kuzifikia nyayo zenyewe. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Malikale na wa Taasisi ya Getty ya Marekani walilazimika kulifukua eneo, kuondoa mizizi na kulifukia upya kwa tabaka zilizochujwa. Kufukia kulikuwa uamuzi sahihi, lakini kazi haikuishia hapo. Gofu nalo linamtaka mtu wa kurudi kulitazama kila msimu.

Kwa majirani, Gedi ya Kenya, mji wa mawe uliomezwa na msitu karibu na Malindi, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948 chini ya usimamizi wa James Kirkman, mtafiti wa mambo ya kale. Magofu na miti vilitunzwa pamoja, na mwaka 2024 Gedi iliingia katika Urithi wa Dunia. Nchini, magofu ya Kua yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, na Wizara imeikabidhi TAWA, mamlaka ya wanyamapori, magofu ya Kilwa. Hatua ya namna hiyo ina maana pale tu taasisi ya wanyamapori inapoajiri fundi wa chokaa na mwanaakiolojia. Bila hao, kinachohama ni ufunguo wa geti.

Watu nao wamo. Wenyeji wa Saadani wana makaburi ya wazee wao ndani ya hifadhi, na kuzuru kaburi hakuhitaji kugeuzwa utalii. Huko Kondoa, Mongomi wa Kolo ni mahali pa michoro ya kale na bado ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua. Pombe inayorushwa mwambani inawatia wahifadhi wasiwasi, lakini kuwafukuza wanaopaheshimu mahali hapo kungewaondoa walinzi wake wa kwanza. Utaratibu wa Saadani unapaswa kuandikwa pamoja na wazee wa Saadani na wa Mkwaja.

Wizara inaombwa mambo matatu. Iandae orodha ya masalia yote yaliyomo hifadhini, ya mawe na yasiyo ya mawe, na makaburi yakiwemo, kwa kutembea na wazee. Itangaze kwa mujibu wa Sheria ya Malikale yale yanayostahili, na Mlembule itafutwe kwanza. Iweke ndani ya hifadhi mwanaakiolojia mmoja na mafundi wa chokaa kutoka vijiji vya jirani, wenye fungu lao katika bajeti ya kila mwaka. Barabara ya pwani ya Bagamoyo–Pangani–Tanga inajengwa, na magari yataongezeka. Orodha hiyo ikamilike mapema, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kijiji cha Saadani.