Mtoto Akilia Njaa Safarini



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya kulitaja, nalo ni mama kumnyonyesha mwanawe mahali penye watu. Mama wa Bugwema, katika wilaya ya Musoma, hawezi kukaa ndani siku zote kwa sababu amejifungua. Ana shamba la kulima, ana zahanati ya kumpeleka mtoto kupimwa uzito, na mara nyingine hana budi kupanda gari la abiria kwenda Musoma mjini. Mtoto mchanga naye hajui nyumbani wala njiani. Njaa ikimshika hulia.

Hapo baadhi ya dada zetu, hasa waliozaa mara ya kwanza, hufadhaika. Mmoja humbembeleza mtoto bure mpaka mwisho wa safari. Mwingine humtilia maji au uji katika chupa, akidhani kwamba kwa kufanya hivyo amehifadhi heshima yake ya Kiislamu. Kwa hakika heshima haikumtaka afanye hivyo.

Katika Suratul-Baqara, Aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na papo hapo akamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama huyo kwa wema. Tena tumepokea katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika Sala na nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua taabu inayompata mamaye. Ikiwa Sala yenyewe ilifupishwa kwa ajili ya kilio hicho, je, sisi tutakirefusha kwa kuogopa macho ya abiria?

Ama stara ni wajibu, wala hatusemi iachwe. Lakini stara ni kuufunika mwili mbele ya wanaume wa kando, si kumnyima mtoto chakula chake. Mama akinyonyesha huku amejifunika, ametimiza yote mawili.

Na madhara ya kumnyima si madogo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Chupa isiyochemshwa na maji yasiyo safi huleta kuhara, na kuhara humdhoofisha mtoto mchanga upesi. Tena titi hufanya maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mama anayeruka nyakati za kunyonyesha kila atokapo huona maziwa yakipungua, kisha husema hana maziwa.

Basi mama afanyeje? Kwanza, avae nguo inayofunguka kifuani chini ya mtandio au buibui, na achukue kanga ya pili ya kujitanda begani. Pili, ajizoeze nyumbani mbele ya dada au wifi, mpaka mikono izoee kumweka mtoto bila kufunua kitu. Tatu, asingoje kilio kikubwa: mtoto akianza kunyonya vidole au kugeuza kichwa akitafuta titi, huo ndio wakati, kwa maana mtoto aliyetulia hushika titi upesi wala hageuzi macho ya watu. Tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama, kinywa kifunguke sana, kidevu kiguse titi. Kanga ifunike kifua cha mama, lakini isimzibe mtoto pua, hasa wakati wa joto. Na garini achague kiti cha dirishani, au aketi kando ya mwanamke mwenziwe.

Lakini mzigo huu si wa mama peke yake. Katika Suratun-Nur amri ya kuinamisha macho iliwaanza wanaume kabla ya wanawake. Basi mwanamume mwenye adabu humpisha mama kiti, kisha hutazama kwingine. Mume aliyefuatana na mkewe ashike mizigo, amkinge, wala asimkaripie. Wenye maduka wampe kigoda. Wasimamizi wa misikiti waweke pahali pa wanawake pa kukaa na watoto. Na mwajiri akumbuke kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mwajiriwa anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo wakati wa kazi, usiozidi saa mbili kwa siku.

Dada yetu, unaponyonyesha hali umejisitiri, hufanyi aibu wala huombi msamaha kwa mtu. Unampa mtoto haki yake aliyopewa na Mola wake. Na sisi tulio kando yako, haki yako juu yetu ni nafasi na utulivu.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya na imani. Amin.