Muguu wa bandia hautoshi: ubongo nao unahitaji muda wa kujifunza

Mapigano yalipoingia ndani ya muji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, hospitali zilijaa watu wenye majeraha ya risasi na bomu. Hospitali ya CBCA Ndosho, yenye kusaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu (CICR), ilipokea majeruhi kupita vitanda vyake. Wengine walikatwa muguu ao mukono. Habari hiyo ilisikika dunia nzima. Ile yenye haisikiki sana ni yenye kufuata: mugonjwa akitoka hospitali, njo kazi ndefu ya mwili wake inaanza, na njo wakati ule msaada unaanza kupungua.

Kwa nini kazi ndefu? Ubongo wa mutu una kama karta ya mwili wote: pahali pa mukono, pahali pa muguu, pahali pa mudomo. Muguu ukikatwa, karta haifutiki siku ileile. Ubongo unaendelea kutuma amri, na jibu halirudi. Njo maana watu wengi wenye kukatwa wanasikia vidole vyenye havipo tena vinawasha, ao vinauma usiku kucha. Munganga wa Marekani Silas Weir Mitchell aliandika juu ya maumivu hayo kisha kutibu majeruhi wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kule kwao, ya 1861 hadi 1865. Kwa hiyo mama mwenye kulalamika kwamba muguu wake wenye haupo unamuuma, hajarogwa na hana wazimu. Kumwambia ni ulozi, ao kumupeleka kwa maombi peke yake, ni kumuacha na maumivu yenye inaweza kutunzwa.

Habari nzuri ni kwamba karta hiyo inabadilika. Ubongo unajipanga upya kufuatana na yale mwili unafanya kila siku. Katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, kule Washington, wanganga walijaribu kutumia kioo. Mutu anaweka kioo kando ya muguu muzima, anauchezesha na kuangalia picha yake, na macho yanaambia ubongo kwamba miguu yote miwili inatembea. Dakika 15 kwa siku, wiki 4. Matokeo yalitoka 2007: kati ya watu 18 wenye walimaliza jaribio, 6 walitumia kioo cha kweli, na wote 6 walisema maumivu yamepungua. Ni watu wachache, na njia hiyo haisaidie kila mutu. Lakini kioo kinapatikana hata sokoni. Chenye kukosekana ni mutu wa kufundisha namna ya kukitumia, na wiki 4 za kumufuata mugonjwa.

Ni vilevile kwa wenye kupooza upande mumoja kisha kiharusi, ile wengi wanaita AVC. Mukono dhaifu unajaribu, unashindwa, mutu anauacha. Ukiachwa, ubongo nao unaanza kuusahau. Mutaalamu Edward Taub wa Marekani alichukua njia ya kinyume: fungia mukono muzima ndani ya kitu kama gua, na ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mukubwa wa 2006 ulifuata wagonjwa 222 wenye walikuwa wamebakia na mwendo kidogo mukononi. Wale wenye walipata mazoezi hayo kwa wiki 2 walipata nafuu kupita wengine, na kisha mwaka nafuu ilikuwa ingali.

Hapa tujiangalie sisi wenyewe ndani ya nyumba. Baba akipooza, watoto wanamulisha, wanamuvalisha, wanamubeba. Ni heshima na ni upendo. Lakini mukono wenye haufanyi kitu hautajifunza kitu. Muulize munganga wa kinesiterapia, ile tunaita kine, ni kazi gani mugonjwa anaweza kujaribu bila hatari, kisha mumuachie afanye, hata akikawia.

Muguu wa bandia nao ni shule. Mutu hana tena unyayo wa kumwambia kama udongo ni laini ao kuna jiwe. Anajifunza kusoma ardhi kupitia kile kipande kilichobaki, kutia uzito polepole, kisha kuacha kuangalia chini. Kwa barabara za mawe ya volkano kama za Goma, hiyo haijifunzwi kwa siku mbili. Na mutoto anakua: muguu wake unapaswa kubadilishwa karibu kila miezi 6 hadi mwaka.

Vituo viko. Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vinajulikana kwa kazi hii. Lakini mutu wa Masisi ao Walikale atalipa nauli mara ngapi, na atalala wapi? Wakati Marekani ilisimamisha misaada yake mingi Januari 2025, kila shirika lililazimika kuchagua nini kitangulie. Chakula na upasuaji vinatangulia, na mutu anaelewa. Mazoezi yanabakia nyuma, ju mutu hafi kwa kukosa mazoezi. Anabakia tu nyumbani, bila shamba, bila kazi, akitegemea wengine miaka yote.

Mwezi wa Mei 2023, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (OMS) zilipitisha azimio kwamba huduma hii iingie ndani ya matunzo ya kawaida ya afya. Kwetu, hiyo ingemaanisha mambo ya kawaida: kine mumoja katika hospitali kuu ya kila zone ya afya, nauli ya mugonjwa kuhesabiwa pamoja na dawa, na jamaa kufundishwa mazoezi mbele mugonjwa hajarudi nyumbani. Wenye kupanga bajeti ya afya, na wenye kutoa misaada, njo wenye kuulizwa: kisha kuokoa maisha ya huyu mutu, ni nani atamusaidia atembee?