Anayehitaji Darasa ni Mbunifu

Mwandishi anayeshikilia kwamba mtu akibonyeza kitufe kisicho sahihi basi afundishwe yeye, na kwamba kusomea usanifu wa skrini ni kupoteza muda, atujibu: marubani wa ndege za kivita za B-17 walikosa mafunzo gani? Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani waliofuzu walitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya vibawa vya kutulia, ndege ikalala kifudifudi. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis hakuwarudisha darasani. Aliona swichi mbili zinazofanana, zimekaa bega kwa bega. Dawa ikawa kuvipa vishikio maumbo tofauti, mkono uvitambue hata gizani.

Huo ndio msingi wa fani inayobezwa. Vyenye kazi tofauti visifanane, kila tendo lipate jibu papo hapo, na aliyekosea apate njia ya kurudi. Hayo hayaji kwa kipaji. Hufundishwa, kisha hupimwa kwa kumkalisha mtumiaji mbele ya programu huku mbunifu akifunga mdomo na kutazama.

Elimu kwa watumiaji haina ubaya. Ila wao ni mamilioni, na wabunifu wachache. Hesabu ya nani aanze kufundishwa haihitaji kompyuta.