Tunawapima watoto, lakini vipimo hatuvisomi

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu shule ya msingi. Msiwe na wasiwasi, tarakilishi zitaingia humu baadaye. Sisi tunaoandika programu tunashinda na majaribio kutwa, na nadhani tuna jambo la kuwaambia wazazi na walimu wanaohangaika na CBC.

Kwanza historia fupi kwa mlio nje ya Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na kwa karibu miaka 40 hatima ya mtoto wa darasa la nane ilikaa kwenye mtihani mmoja, KCPE. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Mtaala mpya wa umilisi, yaani hiyo CBC, ulianza kote nchini Januari 2019 katika madarasa ya chini. Hauna alama 500 wala orodha ya nani wa kwanza na nani wa mkia. Mtoto wa shule ya msingi huwekwa katika mojawapo ya ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, au mbali na matarajio. Hufanyiwa tathmini za shuleni katika Gredi ya 4 na ya 5, kisha hufanya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6. KPSEA ya kwanza ilifanywa Novemba 2022, na watoto waliosajiliwa walizidi milioni 1.2.

Kwenye karatasi, mpango huu ungempendeza mwandishi yeyote wa programu. Programu kubwa hatuijaribu siku ya mwisho tu, mteja akiwa ameketi pale anasubiri. Tunaijaribu kipande kwa kipande tangu siku ya kwanza. Jaribio likishindwa hatulii wala hatumwiti mtu mjinga, tunauliza limeshindwa wapi. Jaribio zuri linakuelekeza kwenye mstari wenye hitilafu, unatengeneza, unajaribu tena. Tathmini za Gredi ya 4 na ya 5 zilikusudiwa kufanya kazi hiyo hiyo: zionyeshe tatizo mapema, muda wa kulirekebisha ukiwa bado upo.

Sasa tuangalie kinachotokea. Mwalimu anapakua kazi za tathmini kutoka kwa tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC. Anawapa watoto, anasahihisha, kisha anapakia alama kwenye tovuti hiyo hiyo, mara nyingi kwa rununu yake na bando alilonunua mwenyewe. Alama zimepanda juu. Je, ni nini kinachorudi chini kwa mama anayeuza mboga sokoni? Neno moja: "anakaribia". Anakaribia nini? Amekwama wapi? Hapo ndipo taarifa yote ya maana inapopotea.

Chukua hesabu moja ya sehemu: 1/2 + 1/3. Mtoto anaandika 2/5. Mwalimu anatia X, na mzazi akiiona X hiyo anatafuta mtu wa kumfundisha mtoto "hesabu". Lakini lile jibu la 2/5 lilikuwa limeshasema kila kitu! Mtoto amejumlisha nambari za juu, akajumlisha na za chini. Ana kanuni yake kichwani, anaifuata kwa uaminifu, ila si sahihi. Mkatie chapati mbili, moja nusu kwa nusu na nyingine mara tatu. Muulize kama nusu chapati ukiiongeza theluthi inaweza kuwa ndogo kuliko ile nusu uliyoanza nayo. Maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Ataona mwenyewe kwamba haiwezekani, na hapo yuko tayari kufundishwa njia iliyo sahihi.

Mtoto mwingine amekosa swali hilo hilo kwa sababu hakuelewa Kiingereza cha swali. Sera yetu inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake hadi Gredi ya 3, kisha Gredi ya 4 masomo mengi yanahamia Kiingereza. Huyu hana shida ya hesabu hata kidogo, na ukimfundisha sehemu usiku kucha hutamsaidia. Wa tatu anajua kila kitu ila alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. X tatu zinazofanana, hitilafu tatu tofauti, na dawa tatu tofauti.

Badala ya kutafuta hitilafu, sisi tumefanya nini? Tumerudi kwenye tulichokizoea. KPSEA ina maswali ya kuchagua jibu, basi maduka na saiba zimejaa makaratasi ya maswali ya kuchagua jibu. Wenzangu wa fani hii wameunda programu za rununu zenye maelfu ya maswali kama hayo. Mtoto akibonyeza B inatokea nyota, akibonyeza C inatokea X, halafu swali linalofuata. Kuna na masomo ya likizo, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inayakataza.

Waandishi wa programu, mnaujua mchezo huu. Umepewa jaribio linalosema "ukipokea 2 na 3, rudisha 5". Mvivu anaandika programu inayorudisha 5 kila mara. Jaribio linapita, rangi ya kijani inatokea, kila mtu anafurahi. Siku mteja akiingiza 4 na 4, anapata 5. Kumkaririsha mtoto mitihani ya miaka iliyopita ni kumfundisha kurudisha 5.

Najua kuna mzazi anayesema: wewe unaongea tu, hizo alama zina uzito. Kweli, zina uzito. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu walipomaliza Gredi ya 9 mwaka wa 2025, asilimia 20 ya alama za kuwapangia shule za sekondari ya juu ilitokana na KPSEA waliyoifanya mwaka wa 2022. Asilimia 20 nyingine ilitokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ikatokana na KJSEA. Kwa hiyo wasiwasi wa mzazi si upuuzi. Lakini soma hesabu hiyo tena. Mtoto aliyekwama kwenye sehemu Gredi ya 6 atakutana nazo Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, zikiwa zimevaa nguo za aljebra. Ukiitengeneza hitilafu mapema unaokoa ile 20 na ile 80. Ukiifunika kwa kukariri unaokoa 20 labda, halafu 80 inakusubiri.

Na msidhani ninaota. Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015 katika shule za umma, ulifanya jambo la kufanana na hili katika madarasa ya chini. Maafisa wa mtaala walikuwa wanaingia darasani na tabuleti, wanatazama somo, wanawasomesha watoto wachache kwa sauti na kupima maneno kwa dakika, kisha wanakaa na mwalimu kuongea juu ya walichokiona. Programu waliyotumia, Tangerine, ni ya msimbo huria na inafanya kazi bila intaneti. Kipimo kilikuwa kidogo, na jibu halikwenda Nairobi kwanza.

Basi ninapendekeza hivi:

1. Mzazi, uliza swali moja tu shuleni: "Mwalimu, ni jambo gani moja ambalo mtoto wangu hajaliweza?" Usiulize amekuwa wa ngapi. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kukuandikia ripoti ndefu, lakini jambo moja anaweza kukutajia.

2. Omba daftari, tazama majibu aliyokosa, na umwambie mtoto: "Nieleze ulivyofikiria." Nyamaza umsikilize. Huhitaji kuijua hesabu yenyewe. Mara nyingi mtoto huliona kosa lake akiwa katikati ya maelezo.

3. Asome kwa sauti dakika 15 kila jioni, Kiswahili leo, Kiingereza kesho. Asiyeelewa swali hawezi kulijibu.

4. Usimfanyie mradi. Ile sanamu ya kufukuza ndege uliyoishona usiku wa manane ilipata alama nzuri, lakini alama ni zako. Kama ilihesabiwa kwenye tathmini, tumeingiza data ya uongo kwenye mfumo, na data ya uongo ni mbaya kuliko kukosa data.

5. KNEC na shule, alama zikipanda juu, kitu kirudi chini. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Anajumlisha sehemu zenye nambari za chini zinazofanana. Zisipofanana anakwama." Simu ya kabambe inaupokea.

6. Wenzangu mnaounda programu za elimu, acheni nyota na X. Kila jibu lisilo sahihi liwe na sababu nyuma yake. Aliyechagua 2/5 apelekwe kwenye chapati, asipelekwe swali linalofuata.

Hii namba 6 ndiyo inayonikera zaidi, maana haihitaji bajeti ya serikali wala kikao cha bunge. Inahitaji mwandishi wa programu akae na mwalimu wa Gredi ya 5 alasiri moja, waandike orodha ya makosa ambayo mwalimu huyo ameyaona kwa miaka kumi. Orodha hiyo ina thamani kuliko maswali elfu tano, na iko kichwani mwa walimu wetu, haijaandikwa popote.

Walimu mnaosoma hapa, anzeni kuniandikia hapo chini: somo, swali, jibu lisilo sahihi mnaloliona kila mwaka, na mnavyodhani mtoto alifikiria nini. Nitaziweka pamoja katika faili moja ambayo yeyote ataweza kuipakua na kuitumia bure. Mimi naanza na 2/5.